Winchi ya Mtu Mmoja

Watu walimwita Mama Bomba. Wengine walidhani jina limetokana na kazi yake ya kutengeneza mabomba ya visima, wengine walisema ni kwa sababu ujanani kila aliyemuuliza hali alijibiwa "bomba!" kabla hajamaliza swali. Mwenyewe hakuwa na muda wa kuamua ubishi huo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana kama vya mwashi, na maisha yake yalikuwa njiani. Kule lami inakoishia na dereva akaanza kufuata alama za magurudumu ya waliomtangulia, ndiko vilikokuwa visima vyake. Pampu ya mkono ikifa huko, kijiji kizima hurudi kuchota kwenye dimbwi pamoja na ng'ombe, mpaka Mama Bomba afike.

Miaka yote hiyo hakwenda peke yake. Mumewe alikuwa fundi mwenzake, pande la mtu ambalo wenzake kazini waliliita Tani. Walipanda gari moja, lile la diseli linalovuta kwa magurudumu yote manne, wakala pamoja, wakagombana pamoja, wakalala humo mvua ilipowafungia njia. Wakikwama hapakuwa na mjadala. Mke huhamia kwenye usukani, Tani huvua viatu, hukunja suruali, huweka bega nyuma ya gari na kupiga kelele: "Kanyaga, mke wangu, kanyaga!" Gari likichomoka, humrushia tope mpaka kwenye nyusi, naye huja akichechemea na kucheka, akisema kama gari hili lingekuwa na haya, lingemwita baba.

Basi Tani akafa. Hakufia porini wala barabarani, ingawa huko ndiko walikoogopa siku zote. Alifia nyumbani asubuhi, presha ilimpanda akiwa anafunga vifungo vya shati. Watu walijaa, wakalia, wakapika, wakaosha vyombo na kuvipanga mahali pasipo pake, kisha kila mmoja akarudi kwake. Binti yao wa pekee naye akarudi ng'ambo alikokuwa akifanya kazi. Mama Bomba alitumia siku kadhaa kutafuta kijiko cha mchuzi, na alipokipata hakuwa na hamu tena ya kupika.

Alirudi kazini mapema kuliko walivyotaka. Pampu haikai matanga.

Kiangazi kilipita salama. Mvua zilipoanza, alikuwa akirudi kutoka kisima cha mbali akakuta bonde ambalo wakati wa jua hata hulioni. Udongo wake ulikuwa ule mweusi unaonata, ambao ukilowa hukamata kiatu ukakuachia mguu. Alijaribu kupita upesi. Gari likaenda, likayumba, likazama mpaka ekseli. Akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure, yakajichimbia kaburi. Akateremka, akazunguka nyuma, akaweka bega pale pale ambapo Tani alikuwa akiweka lake. Ndipo akili ikamjia: nani anayekanyaga mafuta?

Akacheka kwa sauti, peke yake katikati ya bonde, na kicheko chake kikamtisha.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Alichimba kwa koleo, akatandika matawi, akapiga jeki ikazama badala ya kuinua. Simu haikuwa na mtandao. Alikula mkate uliobaki, akalala kiti cha mbele, na kesho yake akachimba tena mpaka viganja vikatoka malengelenge. Asubuhi ya pili alipita mtu na trekta akielekea shambani kwake. Alimvuta kwa mnyororo, akampa pole, akaenda zake. Kazi ya kupepesa macho.

Lakini lililomuuma Mama Bomba halikuwa tope. Alipofika penye mtandao alisimamisha gari kando, akaiweka simu juu ya dashibodi, akangoja. Alitegemea ilie mfululizo, itetemeke kama mtu aliyekimbizwa. Ikalia mara moja. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu, ukimtangazia kifurushi kipya cha kuongea na umpendaye usiku kucha.

Hapakuwa na wa kumlaumu. Binti hupiga Jumapili, na haikuwa Jumapili. Ofisi ya maji ilijua kwamba kazi ya kisima huisha inapoisha. Majirani waliona geti limefungwa, na geti lake lilifungwa siku zote. Alikuwa amepotea duniani na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyeona pengo.

Jumapili ilipofika alimsimulia binti yake, akiifanya hadithi kuwa ya kuchekesha. Binti hakucheka.

"Mama, uza hilo gari."

"Nikiliuza nitaenda visimani na nini? Na ungo?"

"Usiende. Pumzika."

"Nipumzike na nani?"

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wengine, wanaoishi maisha yao huko ng'ambo, mlango ukifungwa, maji yakifunguliwa bombani.

"Basi, mama, angalau uwe na mtu wa kukusaidia."

"Nimeshafikiria. Nafunga winchi puani mwa gari, ilivute kwa kamba likizama."

"Winchi ndiyo mtu?"

"Winchi ndiyo inayopatikana," alisema Mama Bomba.

Gereji aliyokwenda ilikuwa ya rafiki wa zamani wa mumewe. Walimwita Fundi Nati kwa sababu akifanya kazi hubana nati midomoni, na mteja asiyemjua humwona kama mtu aliyenuna. Tangu ujana wao alimwita Mama Bomba shemeji. Alimkaribisha kwenye benchi lililolowa oili, akatandika gazeti, akatema nati mbili kiganjani ili aongee vizuri.

"Winchi ya kuvuta nini, shemeji?"

"Gari langu. Likiwa limezama, na mimi nikiwa humo."

"Na mwingine nani?"

"Hakuna mwingine."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akatazama chini. Kisha akaanza kuongea mambo ya chuma, maana hapo ulimi wake haukuteleza.

"Mti hauendi ila kwa nyenzo," alisema, "lakini nyenzo nayo hupimwa kwa mti. Ukichukua winchi ndogo, itakuwa punda aliyetwishwa zigo la ngamia. Italia, itapata moto, itaungua siku ile ile unayoihitaji. Ukichukua kubwa kupita kiasi, umeliwekea gari zigo puani. Springi za mbele zitalala, betri itakamuliwa mpaka tone la mwisho, na bampa lenyewe halitashika. Kwanza tujue gari lina uzito gani."

"Kitabu chake kimeandika."

"Kitabu kinasema lilivyozaliwa. Mimi nataka lilivyo leo, likiwa limeshiba. Watu wanapima winchi kwa gari tupu. Gari tupu lini likakwama? Liko gereji."

Wakaenda kwenye ghala la nafaka, penye mizani ya malori. Lilikuwa eneo pana lenye vumbi la pumba na njiwa wengi. Mpima mizani alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwaelekeza wapande taratibu juu ya bamba la chuma, akawaambia washuke ili lipimwe gari pekee. Fundi Nati alikuwa akiandika kwenye kiganja chake, kama kawaida yake.

"Gari na vyombo, hivyo," alinong'ona. "Tangi lina nusu, tuongeze mafuta ya nusu nyingine. Maji ya kunywa. Dereva. Na Tani, kilo mia moja na..."

Kalamu ikasimama hewani.

"Samahani, shemeji. Mkono umezoea."

"Futa tu," alisema Mama Bomba.

Fundi akasugua kiganja kwenye ovaroli. Wino ulikuwa wa ile kalamu sugu, ulififia, haukutoka.

Hesabu ilipokamilika, ilizidi kidogo tani mbili na kilo mia nane. Fundi akaeleza kanuni yake: uchukue uzito wote, kisha uongeze nusu yake juu yake, kwa sababu tope halilali likisubiri kuvutwa, tope nalo huvuta. Linanyonya. Kwa gari hili ilikuja tani nne na zaidi kidogo.

"Hapo ndipo winchi yako inapoanzia," alisema, kisha akakunja uso. "Lakini shemeji, mbona limekuwa zito hivi? Umebeba nini?"

Akafungua mlango wa nyuma. Chini ya mabomba, kamba na madebe, lilikaa sanduku refu la chuma, limesukumwa mpaka ukutani. Lilikuwa sanduku la Tani. Ndani yake mlikuwa na jiliwa na spana nzito za mabomba manene ya zamani, yale ambayo visima vingi vilishaachana nayo. Tani alikuwa akilishusha kwa mkupuo mmoja, huku akiimba. Tangu afe halikuwahi kushuka.

"Hili unalitumia?"

"Siwezi hata kulisogeza."

"Sasa kwa nini hukusema? Ningekuja siku moja tu nikalishusha."

Mwaka mzima Mama Bomba alikuwa akiliruka sanduku hilo, akijigonga nalo ugoko, akilipangia vitu vingine pembeni kama mtu anayempisha mgonjwa kitandani. Hakusema kwa sababu hakutaka litoke, na hakujua kwamba hakutaka mpaka alipoulizwa.

Fundi Nati hakumsukuma. Alimweleza tu njia mbili. Ya kwanza, sanduku libaki, anunue winchi kubwa ya tani tano na nusu, na wabadilishe bampa na springi za mbele. Ya pili, sanduku lishuke, achukue ile ya kati, inayovuta tani nne, pamoja na kapi moja zuri. Waya ukipitishwa kwenye kapi na kurudi kwenye gari, mvuto huwa karibu mara mbili. Mwendo ndio hupungua.

"Zote mbili zitakutoa topeni," alisema. "Uamuzi ni wako."

Jioni ile Mama Bomba alikaa jikoni, chakula kikiwa mbele yake kimepoa. Jambo kama hili zamani wangelijadili mpaka sauti zipande. Jibu la Tani alilijua bila kuuliza: kubwa! Kila kitu Tani alinunua kikubwa. Sufuria zilikuwa za kupikia kikosi cha askari, mwavuli ungefunika kibanda, na kitanda chao seremala alikijengea ndani ya chumba kwa kuwa hakikupita mlangoni. Kilikuwa kitanda cha mtu mkubwa na mkewe, na sasa mkewe alilala ukingoni, ule ule wa zamani, uwanja wote uliobaki ukiwa baridi.

"Wewe ungechukua kubwa," alisema kwa sauti, akiiambia sahani. "Lakini wewe hutakuwapo kuivuta hiyo kamba."

Kesho yake walikwenda dukani. Muuzaji alikuwa mchangamfu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikono, na alipenda bidhaa zake kwa dhati. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye winchi kubwa kuliko zote, ikang'aa juu ya meza kama ng'ombe wa maonyesho.

"Mama, hii ukiifunga, hata lori unaling'oa."

"Lori si langu, baba."

"Lakini kuwa na nguvu za ziada si vibaya, mama."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," alisema Fundi Nati, na muuzaji akacheka mpaka akashika meza. Kwa kweli alikuwa mtu mwema. Alipoelezwa uzito wa gari na njia zake, aliifunika ile kubwa mwenyewe, akaleta ya kati, akashauri waichukue yenye kamba ya nailoni badala ya waya wa chuma. Ni nyepesi, alisema, mama ataibeba bila kuchubuka, na ikikatika haichapi kama waya. Ila aikinge na mawe makali na jua.

"Ndiyo hii," alisema Mama Bomba. Fundi akamtazama, akataka kuuliza kuhusu sanduku, asiulize.

Lilishushwa gerejini kwa mnyororo wa kuinulia injini. Lilipoachana na sakafu ya gari, springi za nyuma zilipanda zikilia, kama mtu anayenyoosha mgongo baada ya kazi. Sanduku likaning'inia, likazunguka polepole, likaonyesha upande ambao Mama Bomba hakuwa ameuona mwaka mzima, wenye kutu na alama ya soli ya kiatu kikubwa. Akashika mnyororo kwa mkono mmoja, si kwa sababu ulihitaji kushikwa.

"Nitakutunzia," alisema Fundi Nati.

"Usitunze. Tumia. Spana isiposhikwa inaharibika."

Fundi akageuka upesi kutafuta kitu kwenye meza yake, akakitafuta muda mrefu kuliko meza ilivyokuwa kubwa.

Kufunga winchi kulichukua siku nzima, na siku iliyofuata akamfundisha. Injini iwe inawaka, betri isife. Glavu mkononi. Usiruke kamba iliyokazwa, usisimame usawa wake, itupie gunia zito katikati. Uifungue kamba ndefu, kwa maana mizunguko ya ndani kwenye pipa la winchi ndiyo yenye nguvu, lakini mizunguko kadhaa ya mwisho usiitoe kamwe.

"Kwa kawaida," alisema Fundi, "mmoja anakaa kwenye usukani, mwenzake anashika swi..." Akakuna shingo. Kisha akachukua swichi na waya wake mrefu, akaupitisha dirishani, akaingia mwenyewe ndani ya gari, akajaribu kushika usukani kwa mkono mmoja na swichi kwa mwingine. Akatoka, akarefusha waya, akaingia tena. Alifanya hivyo mpaka akaridhika kwamba mtu mmoja anatosha. Mama Bomba alikaa kwenye benchi akimtazama mtu akihangaika kumtafutia njia ya kuwa peke yake, na moyo wake ukajaa shukrani na uchungu kwa pamoja, asijue kipi kilitangulia.

Safari iliyoipima winchi ilikuja baada ya mvua kuisha. Pampu ya kijiji kimoja cha mbali ilikuwa imekatika fimbo yake ya chuma iliyo ndani ya bomba, naye alilazimika kuvuka mto mkavu. Mchanga juu ulionekana mgumu. Katikati ulikuwa bado umelowa chini, na gari likakaa kitako.

Alizima injini, akasikiliza. Upepo na ndege mmoja, basi. Akavaa glavu, akaifungua kamba, akatembea nayo mbele mpaka ng'ambo ya mto. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba winchi ni nguvu ya kukopa. Lazima kuwe na kitu cha kuishikia. Hapakuwa na mti. Hapakuwa na jiwe. Kulikuwa na vichaka vinavyong'oka kwa mkono.

"Haya," alisema. "Haya, haya."

Fundi alikuwa amemweleza hilo pia, ingawa kwa kupitia tu. Alishusha tairi la akiba, akalivingirisha hadi ng'ambo, akachimba shimo. Akalisimamisha ndani, akalaza mtaimbo nyuma ya tundu lake la katikati, akaufungia mnyororo uliopita tunduni na kutokea mbele kwenye mfereji aliouchimba, akafunga kapi kwenye mnyororo, akapitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha kwenye ndoano ya gari. Akafukia, akakanyagakanyaga. Akatupa gunia la mchanga juu ya kamba, akaingia garini, akawasha injini, akabonyeza swichi.

Kamba ikakaza. Gari likatetemeka. Kisha tairi likang'oka mchangani kama jino bovu, kamba ikalegea, na Mama Bomba akabaki ameshika usukani wa gari lisilokwenda popote.

Alitaka sana mtu wa kumlaumu. Kama Tani angekuwapo angemwambia shimo lako fupi kama wewe, naye angemjibu lichimbe wewe mwenye mikono ya greda, na wangechimba wakizozana. Badala yake alichimba kimya. Alichimba mpaka shimo likamfika kiunoni, jua likahama kutoka bega moja hadi jingine, jasho likakauka likaacha chumvi shingoni. Safari hii alilifukia kwa mchanga uliolowa, akaushindilia kwa koleo, akarundika juu yake kila kizito alichokuwa nacho.

Akabonyeza tena. Kamba ikakaza, ikalia. Mchanga juu ya tairi ukapasuka ufa mwembamba, ukasimama. Winchi ikanguruma kwa sauti nzito, isiyo na haraka, na gari likaanza kusogea, taratibu kama mzee anayeinuka kitini. Alikanyaga mafuta kidogo tu. Magurudumu ya mbele yakapata kitu kigumu, kisha ya nyuma, akawa ng'ambo.

"Umeona?" alisema, akageuka kushoto.

Kiti kilikuwa na chupa ya maji na kofia.

Alizima injini. Hapo ndipo alipolia, kilio cha mtu mwenye kazi inayomngoja: kifupi, chenye makamasi, kilichofutwa kwa glavu yenye mchanga. Kisha akateremka kufukua tairi.

Kijijini alifika jua likielekea kuzama, akalala kwenye chumba cha shule, na asubuhi akaifungua pampu. Wanawake walikaa wakimzunguka na madumu yao. Bibi mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa mlinzi wa kisima hicho tangu kichimbwe, alimtazama akihangaika na bomba, kisha akauliza:

"Mwanangu, na yule mume wako wa kelele? Leo umemwacha wapi?"

Mwaka mzima swali hilo lilikuwa likimkuta visimani. Na mwaka mzima alikuwa akilijibu kwa urahisi: yuko nyumbani, amebanwa na kazi, anawasalimu. Lilikuwa jibu fupi, na lilimpa Tani makazi sehemu nyingi. Katika vijiji chungu nzima alikuwa bado yu hai, amebanwa tu na kazi. Labda ni mikono iliyochoka na lile shimo. Labda hakuwa na nguvu ya uongo mwingine.

"Amefariki, bibi. Mwaka umepita."

Bibi akaweka fimbo chini. "Amefariki nani?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia. Kisha akaanza kulia, si kwa adabu ya msibani, bali kama mtu aliyepewa habari sasa hivi, maana kwake Tani alikufa asubuhi ile. Wanawake wengine wakaacha madumu. Mmoja akasema, alitubebea mama mgonjwa mgongoni mpaka barabarani. Mwingine akasema, aliimba vibaya yule baba, hata mbuzi walihama. Wakacheka wakilia. Mama Bomba alikaa kwenye zege la kisima, spana magotini, akiwasikiliza watu ambao majina yao hakuyajua wakimlilia mumewe kilio kibichi, wakati yeye kwake hakikuwa kibichi tena. Kilikuwa kimekauka na kuwa sehemu ya nyumba. Aliwaacha walie kwa niaba yake mpaka walipotosheka, halafu wakamshikia bomba akaunga fimbo ya pampu, na maji yakatoka, kwanza yenye kutu, kisha meupe.

Aliporudi nyumbani, kazi ya mwisho ilikuwa kamba. Kamba ikishavuta mchangani sharti ioshwe, ikaushwe, kisha izungushwe upya ikiwa imekazwa, la sivyo itajizika yenyewe kwenye pipa. Alifunga ncha yake kwenye nguzo ya geti, akaingia garini na swichi yake ndefu. Kila alipobonyeza, ilimbidi ashuke kuangalia kama mizunguko imelala sawa, apande tena, abonyeze kidogo, ashuke.

Mshonaji wa nyumba ya pili, mama mwenye tepu ya kupimia shingoni, alisimama getini na kutazama kwa muda. Walikuwa majirani wa salamu tu.

"Jirani, unalivuta geti au geti linakuvuta?"

"Nakunja kamba."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Nishike nini?"

Mama Bomba akamwonyesha swichi, akamweleza kitufe cha kwenda na cha kusimama. Mshonaji aliishika kwa vidole viwili kama kitu kinachouma, lakini mkono wake ulikuwa mtulivu, mkono wa mtu aliyezoea kuongoza kitambaa chini ya sindano. Mama Bomba akaongoza kamba, mzunguko kando ya mzunguko, na kazi iliyokuwa ya alasiri nzima ikaisha upesi mno.

"Ndiyo imekwisha?" mshonaji aliuliza.

"Imekwisha. Ahsante sana, jirani."

"Haya. Nina gauni la mtu kule, analitaka leo." Alirudisha swichi, akaenda, akasimama kidogo kana kwamba amesahau kitu, akaendelea.

"Jirani!" Mama Bomba aliita.

Mshonaji akageuka.

Alitaka kumwambia kwamba Jumatatu anaondoka tena, kwamba ni njia ya mlimani, kwamba akiona geti limefungwa siku nyingi aulize. Maneno yalikuwa mepesi, lakini hakuwahi kuyatumia kwa mtu asiye wake.

"Kazi njema," alisema.

"Na kwako pia," alijibu mshonaji, akaingia kwake. Baada ya muda cherehani yake ikaanza kusikika, ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Mama Bomba alifunga kifuniko cha winchi, akakaa kwenye bampa, akaisikiliza mpaka giza likaingia, akijipangia namna atakavyoyasema kesho.